Fundi na familia yake: Kazi na maisha ya nyumbani katika makoloni ya Marekani

MNAMO mwaka wa 1716, mvulana wa umri wa miaka 10 aliondolewa shuleni mjini Boston ili amsaidie babake kazini. Baba huyo, Josiah Franklin, alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, na katika ndoa zake mbili alijaliwa jumla ya watoto 17. Kazi ya mvulana ilikuwa kukata tambi, kujaza shahamu iliyoyeyushwa katika kalibu, kuhudumu dukani na kutumwa huku na kule.

Kijana hakuipenda kazi hiyo hata chembe. Alipotimu umri wa miaka 12, babake alimweka chini ya kakake mkubwa, James, ili ajifunze uchapishaji. Mkataba uliotiwa saini ulimfunga kuwa mwanagenzi hadi afikishe miaka 21. Hakuumaliza. Mwaka wa 1723 alitoroka na kukimbilia Philadelphia, ambako alijijengea maisha mapya.

Jina lake lilikuwa Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasayansi aliyekuja kuwa miongoni mwa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka wa 1776.

Kisa cha Franklin kinafahamika kwa sababu alipata umaarufu. Hata hivyo, maelfu ya watoto wengine walipitia njia iyo hiyo pasipo yeyote kuandika habari zao. Katika makoloni ya Uingereza huko Amerika Kaskazini, nyumba ndiyo iliyokuwa karakana, na karakana ndiyo iliyokuwa shule. Mwenye nyumba alikuwa baba, mwajiri na mwalimu kwa wakati mmoja. Na kwa waliokuwa watumwa, nyumba iyo hiyo ilikuwa gereza.

Makoloni 13

Makao ya kwanza ya kudumu ya Waingereza yalianzishwa Jamestown, Virginia, mwaka wa 1607. Kundi jingine lilitua Plymouth mwaka wa 1620, na mji wa Boston ukaanzishwa mwaka wa 1630. Kufikia 1733, walowezi wa kwanza walipofika Georgia, makoloni yalikuwa yametimia 13, yakiwa yametandaa kando ya pwani ya Bahari ya Atlantiki.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wapowhatan wa Virginia, Wawampanoag wa Massachusetts na jamii nyingine nyingi walikuwa wakilima, wakiwinda na kuvua samaki huko kwa karne nyingi. Maradhi yaliyoletwa na wageni pamoja na vita vya kugombea ardhi viliwaangamiza wengi wao.

Kufikia wakati vita vya uhuru vilipoanza mwaka wa 1775, makoloni hayo yalikuwa na watu takriban milioni 2.5. Mmoja kati ya kila watano alikuwa Mwafrika au mzawa wa Waafrika, na karibu wote hao walikuwa watumwa.

Miji ilikuwa michache na midogo. Philadelphia, ulioanzishwa mwaka wa 1682, ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, lakini wakazi wake walikuwa kama 30,000 tu. Watu wengi waliishi mashambani, na mkulima wa mashambani alilazimika kuwa seremala, mchinjaji na fundi wa viatu kwa pamoja, kwani fundi wa kweli huenda aliishi mwendo wa siku nzima.

Nyumba na jiko

Nyumba za walowezi wa mwanzo hazingemshangaza mtu aliyelelewa katika nyumba ya fito. Huko Plymouth, nguzo za mbao zilisimamishwa, fito zikasukwa katikati, kisha kuta zikakandikwa udongo. Paa ziliezekwa kwa nyasi. Hata dohani za moshi zilikuwa za mbao zilizopakwa udongo, jambo lililosababisha mikasa ya moto. Mwaka wa 1631 wakuu wa Boston walipiga marufuku dohani za mbao na paa za nyasi.

Nyumba ya kawaida ilikuwa na chumba kimoja au viwili. Watu walilala, wakala, wakafanya kazi, wakazaa na kufa katika chumba hicho hicho. Vioo vya madirisha vilikuwa ghali, hivyo wengi walitumia karatasi iliyopakwa mafuta au vibao vya kufungua na kufunga.

Meko ndiyo iliyokuwa moyo wa nyumba. Chungu cha chuma kilining'inizwa juu ya moto kwa mnyororo ulioshikizwa kwenye mti mbichi uliopita ndani ya dohani. Mti huo ulipokauka na kuungua, ulikatika ghafla, na chakula chote kikamwagika, wakati mwingine kikiwaunguza waliokuwa karibu. Mwanamke aliyepika akiwa amevaa sketi ndefu mbele ya meko wazi alikuwa hatarini kila siku.

Viberiti havikuwapo. Makaa yalifukiwa kwa majivu usiku ili yaamke asubuhi, na yalipozimika, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba moto.

Taa nazo zilikuwa kazi. Baada ya mifugo kuchinjwa wakati wa vuli, shahamu iliyeyushwa katika chungu kikubwa, kisha tambi zikachovywa, zikaanikwa, zikachovywa tena, mara nyingi, hadi mshumaa ukanenepa. Masalio ya mafuta yalihifadhiwa kwa ajili ya sabuni. Majivu yalitiwa ndani ya pipa lenye majani makavu chini, maji yakamiminwa juu, na yaliyochuruzika yakawa maji makali ya magadi. Akina mama waliyapima kwa yai: likielea, ukali umetosha. Kisha maji hayo yalichemshwa pamoja na mafuta kwa saa nyingi. Mikono iliyochubuka ilikuwa alama ya kazi hiyo.

Mahindi na kinu

Walowezi walifika na mbegu za ngano, lakini chakula kilichowaokoa kilikuwa mahindi, zao lenye asili yake katika bara la Amerika.

Huko Plymouth waliyejifunza kwake alikuwa Tisquantum, mwenyeji wa kijiji cha Patuxet. Mwaka wa 1614 alitekwa nyara na nahodha Mwingereza na kupelekwa Uhispania ili auzwe. Alifanikiwa kufika Uingereza, akajifunza lugha, na mwaka wa 1619 akarejea nyumbani, akakuta watu wote wa kijiji chake wamefagiliwa na maradhi. Ni katika mashamba hayo hayo ya wafu ambapo walowezi walijenga makao yao. Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1621, Tisquantum aliwaonyesha namna ya kupanda mahindi na kurutubisha udongo kwa samaki.

Wenyeji walipanda mahindi pamoja na maharagwe na maboga katika shamba moja. Maharagwe yaliparamia mabua, na majani mapana ya maboga yakazuia magugu.

Mahindi yalitwangwa katika kinu cha gogo au kusagwa katika kinu cha maji pale kilipokuwapo. Unga wake ulisongwa kuwa chakula kizito mithili ya ugali, au ukaokwa kuwa mkate wa bapa karibu na makaa. Nyama ya nguruwe ilitiwa chumvi na kuwekwa katika mapipa. Kinywaji cha kila siku, hata kwa watoto, kilikuwa pombe hafifu ya shayiri au ya matofaa.

Safari ndefu ya shati

Nguo ilikuwa mali. Watu waliorodhesha mashati na shuka katika wosia zao, na vazi la baba lilikatwa na kushonwa upya kwa ajili ya mwana.

Shati la kitani lilianzia shambani. Mmea wa kitani ulipandwa katika majira ya kuchipua, ukang'olewa pamoja na mizizi, ukakaushwa na kutolewa mbegu. Kisha ulilowekwa majini hadi sehemu laini zikaoza, ukakaushwa tena, ukapondwa, ukapigwapigwa na kuchanwa kwa vitana vya meno ya chuma hadi zikabaki nyuzi nyororo. Ndipo mwanamke alipoanza kusokota. Kutoka kupanda hadi kuvaa ungeweza kupita mwaka mzima na zaidi.

Sufu nayo ilikatwa, ikaoshwa, ikachambuliwa na kusokotwa kwa gurudumu kubwa. Msokotaji alisimama, akarudi nyuma akivuta uzi, akasonga mbele akiukunja, kutwa nzima. Wasichana wasioolewa ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hii, na neno la Kiingereza lililotumiwa kwa karne nyingi kumtaja mwanamke asiye na mume lilitokana na kusokota.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila familia ilijitengenezea nguo zake zote, kama wengi wanavyodhani. Nyumba nyingi zilikuwa na gurudumu la kusokotea lakini hazikuwa na kitanda cha mfumi. Nyuzi zilipelekwa kwa mfumaji, au zikabadilishwa na jirani kwa siagi na jibini. Aidha, vitambaa vingi vilinunuliwa kutoka Uingereza.

Mafundi wa mji

Katika miji, ufundi uligawanyika. Palikuwa na maseremala, waashi, washonaji, watengenezaji ngozi, mafundi wa magurudumu, mafundi wa kofia, wachapishaji na masonara. Kufikia mwaka wa 1648, washona viatu na mafundi wa mapipa wa Boston walikuwa tayari wamepewa hati ya kuunda vyama vyao, ili kuwazuia wasioijua kazi wasiharibu bidhaa na jina.

Fundi wa mapipa alihitajika kila mahali. Unga, samaki, nyama, pombe na tumbaku vyote vilisafirishwa katika mapipa. Kasha la tumbaku la Virginia, ambalo lilikuwa pipa kubwa mno, lilibeba takriban ratili 1,000 kufikia katikati ya karne ya 18. Fundi alichonga mbao kwa jicho tu, bila msumari wala gundi, kisha akazibana kwa pete za mti au chuma. Mbao zilipolowa zilivimba, na pipa likaziba lenyewe.

Mhunzi naye alishinda kati ya mivukuto na fuawe, akitengeneza majembe, shoka, viatu vya farasi na vitasa vya milango, ingawa kazi yake nyingi ilikuwa kukarabati vilivyovunjika. Misumari ilifuliwa mmoja mmoja, na ilikuwa na thamani kubwa hivi kwamba katika miaka ya 1640 Virginia ilipitisha sheria ya kuwakataza watu kuchoma nyumba zao za zamani wanapohama kwa nia ya kuokota misumari majivuni.

Kiwanda cha chuma cha Saugus, Massachusetts, kilianza kazi mwaka wa 1646. Miongoni mwa waliofanya kazi hapo walikuwemo wafungwa kutoka Scotland, waliotekwa katika vita vya Dunbar mwaka wa 1650 na kusafirishwa hadi ng'ambo kutumikia kwa nguvu.

Mshona viatu alitumia kalibu moja kwa miguu yote miwili. Viatu havikuwa na kulia wala kushoto, na mvaaji alivibadilisha kila siku ili visiishe upande mmoja. Sonara naye alikuwa kama benki. Familia tajiri ilimpelekea sarafu zake ziyeyushwe kuwa vikombe na mabirika yaliyochorwa alama, kwani birika lililoibwa lilikuwa rahisi kutambuliwa kuliko sarafu. Paul Revere wa Boston, aliyejulikana baadaye kwa kuwatahadharisha wanamapinduzi mwaka wa 1775, alikuwa sonara. Kazi ilipopungua alichonga picha za kuchapisha na hata kuwatengenezea watu meno ya bandia.

Pesa taslimu zilikuwa adimu. Kati ya 1637 na 1661, ushanga wa makombe uliotengenezwa na wenyeji ulikubalika kisheria kuwa pesa Massachusetts. Huko Virginia tumbaku ndiyo iliyokuwa sarafu. Sheria ya mwaka wa 1696 iliweka mshahara wa kasisi kuwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Kwingineko, fundi aliandika madeni katika daftari na kulipwa kuni, mahindi au siku za kazi.

Mwanagenzi na mtumishi wa mkataba

Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka 12 au 14, mzazi alitafuta fundi wa kumpokea. Mkataba uliandikwa. Mwanagenzi aliapa kumtii bwana wake, kutunza siri za kazi, kutooa, kutocheza kamari na kutozuru vilabu vya pombe. Bwana naye aliahidi kumlisha, kumvisha, kumpa malazi na kumfundisha kazi, na aghalabu kusoma na kuandika.

Ahadi hiyo ya mwisho haikuwa mapambo. Sheria ya Massachusetts ya mwaka wa 1642 iliwataka wazazi na mabwana wahakikishe watoto walio chini yao wanajua kusoma. Mwaka wa 1647 kila mji wenye familia 50 ulitakiwa uajiri mwalimu.

Mayatima na watoto wa maskini walifungwa mikataba na wakuu wa mji bila kuulizwa. Kwao uanagenzi haukuwa njia ya kupata ufundi bali namna ya kuwaondolea walipa kodi mzigo. Wasichana walifungwa hadi umri wa miaka 18 au hadi waolewe, na wengi walifundishwa kazi za nyumbani pekee.

Kundi jingine lilikuwa la watumishi wa mkataba. Hawa walikuwa maskini kutoka Uingereza, Ireland na Ujerumani ambao, kwa kukosa nauli ya meli, waliuza miaka yao, kwa kawaida minne hadi saba. Yamkini nusu ya wazungu waliohamia makoloni hayo, au hata zaidi, walifika kwa njia hii.

Mtumishi angeweza kuuzwa kwa bwana mwingine kabla ya muda wake kwisha. Hakuruhusiwa kuoa au kuolewa bila idhini, na mjakazi aliyepata mimba aliongezewa muda wa kutumikia. Katika miaka ya mwanzo ya Virginia, wengi walifariki kabla ya kuonja uhuru. Aliyemaliza alipewa nguo, mahindi, pengine zana, na mara nyingine kipande cha ardhi.

Mikono ya Waafrika

Mwezi Agosti mwaka wa 1619, meli iliyoitwa White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika 20 na ushei waliotoka Angola. Waliporwa kutoka kwa meli ya Wareno na kubadilishwa kwa vyakula. Huo ndio mwanzo wa utumwa wa Waafrika katika makoloni hayo ya Waingereza.

Mwanzoni hali yao kisheria haikuwa wazi. Milango ilifungwa hatua kwa hatua. Massachusetts ilihalalisha utumwa mwaka wa 1641. Mwaka wa 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mamake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama babake ni bwana mwenye nyumba. Mtumishi wa mkataba alihesabu miaka iliyosalia. Mtumwa hakuwa na cha kuhesabu.

Wengi wa Waafrika hao walitoka magharibi na kati-magharibi mwa Afrika. Idadi ndogo ilitoka Madagascar na kuuzwa hasa New York na Virginia.

Hawakufika mikono mitupu kwa maana ya maarifa. Huko South Carolina, utajiri wa mpunga ulitegemea watu waliotoka maeneo yaliyolima mpunga Afrika Magharibi. Walitwanga kwa kinu na mchi na kupepeta kwa nyungo walizosuka wenyewe. Hadi leo, wazao wao wa jamii ya Gullah katika pwani ya South Carolina na Georgia wanasuka vikapu kwa mtindo uo huo. Rangi ya nili, iliyoendelezwa kuwa zao la biashara katika miaka ya 1740 na Eliza Lucas, binti aliyesimamia mashamba ya babake, vilevile ilitoka jashoni mwa watumwa.

Watumwa wengi walikuwa mafundi stadi: wahunzi, maseremala, waashi na mafundi wa mapipa. Wengine walikodishwa mjini, na ujira ukaenda kwa bwana. Mjini Charleston, mafundi wazungu walilalamika kwamba kazi zao zilikuwa zikichukuliwa na watumwa hao. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka wa 1739, South Carolina ilipitisha sheria mwaka wa 1740 iliyoharamisha kuwafundisha watumwa kuandika.

Magazeti ya wakati huo yalijaa matangazo ya kuwasaka waliotoroka. Bwana alitaja kovu, urefu na nguo za mtoro, kisha akaongeza kwamba mtu huyo ni seremala hodari au mshona viatu mzuri. Hivyo ndivyo ustadi wa wengi wao ulivyoingia katika maandishi, kupitia kalamu za waliowamiliki.

Mchango wao ulifika hata katika tiba. Mwaka wa 1721 ndui ilipoingia Boston, mtumwa aliyeitwa Onesimus alikuwa tayari amemweleza bwana wake, kasisi Cotton Mather, jinsi Waafrika walivyojikinga kwa kutia kiasi kidogo cha usaha wa ndui katika mchanjo mdogo wa ngozi. Daktari Zabdiel Boylston aliijaribu njia hiyo huku umma ukimpinga vikali. Kati ya watu takriban 240 aliowachanja, sita walifariki. Miongoni mwa wakazi 5,889 walioambukizwa kwa njia ya kawaida, 844 waliaga dunia.

Mwanamke na sheria

Mwanamke alipoolewa, jina lake lilitoweka katika sheria. Hakuweza kumiliki mshahara wake, kutia saini mkataba wala kushtaki mahakamani pasipo mumewe. Alipofiwa, alistahili kutumia thuluthi moja ya mali kwa maisha yake yote.

Ajabu ni kwamba ujane uliwafungulia baadhi yao mlango. Mke wa fundi aliishi ndani ya karakana, aliijua kazi na aliwalisha wanagenzi. Mume alipofariki, aliendelea pale alipoachia. Lewis Timothy, mchapishaji wa gazeti la South Carolina Gazette mjini Charleston, alifariki mwishoni mwa 1738. Mkewe Elizabeth, aliyekuwa na watoto wadogo, aliendeleza gazeti hilo kwa jina la mwanawe, Peter. Franklin, mbia wao, alikiri baadaye kwamba mjane huyo alitunza hesabu vizuri kuliko mumewe, akailea familia yake na hatimaye kuinunua karakana hiyo kwa ajili ya mwanawe.

Ukunga nao ulikuwa mikononi mwa wanawake. Martha Ballard wa Maine, aliyeandika shajara kutoka 1785 hadi 1812, miaka michache tu baada ya ukoloni kuisha, aliwazalisha akina mama mara 816. Katika shajara iyo hiyo aliandika pia kusokota, kufua, kupanda mboga na kuwaosha maiti.

Sheria za London

Uingereza iliyataka makoloni yalete malighafi na kununua bidhaa. Mwaka wa 1699 bunge la London lilikataza sufu na vitambaa vya sufu kuuzwa nje ya koloni vilikotengenezwa. Mwaka wa 1732 lilikataza kofia kusafirishwa kutoka koloni moja hadi jingine, likampa kila fundi kikomo cha wanagenzi wawili, na kuwazuia watu weusi wasifanye kazi hiyo kabisa. Mwaka wa 1750 lilipiga marufuku ujenzi wa viwanda vipya vya kukata na kubapa chuma.

Baadhi ya sheria hizi zilikiukwa, ila hasira ilibaki. Kodi mpya zilipowekwa mwaka wa 1765 na 1767, wakoloni waligomea bidhaa za Uingereza. Ghafla gurudumu la kusokotea likawa silaha. Wanawake wa New England walikusanyika, aghalabu nyumbani kwa kasisi, wakasokota kutoka alfajiri hadi jioni, na magazeti yakahesabu nyuzi zao kama yanavyohesabu ushindi wa vita.

Mafundi nao walikuwa mstari wa mbele. Machi 2, 1770, mwanajeshi Mwingereza aliyetafuta kibarua cha ziada katika karakana ya kamba mjini Boston alitukanwa, na rabsha ikazuka kati ya wanajeshi na wasokota kamba. Siku tatu baadaye, wanajeshi waliufyatulia risasi umati na kuwaua watu watano. Mmoja wao alikuwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Na usiku wa Desemba 16, 1773, makasha 342 ya chai yalipotoswa baharini, mshona viatu aitwaye George Hewes alikuwa miongoni mwa waliofanya kitendo hicho.

Kutoka Salem hadi Unguja

Uhuru ulitambuliwa rasmi mwaka wa 1783, na karakana ya nyumbani haikudumu sana baada ya hapo. Mwaka wa 1790, Samuel Slater, aliyekuwa mwanagenzi wa usokotaji pamba Uingereza, aliwasha mashine za kusokota pamba kwa nguvu za maji huko Pawtucket, Rhode Island. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto wa umri wa miaka kati ya 7 na 12. Mtoto aliyesokota kando ya mamake sasa alisokota kando ya mashine.

Matokeo yake yalifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts ulioanzishwa mwaka wa 1626, walianza kufika Unguja katika miaka ya 1820. Mwaka wa 1833 Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na mwaka wa 1837 Richard Waters, mwenyeji wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza kuhudumu kisiwani humo. Meli zao zilibeba pembe za ndovu na sandarusi, na zilileta kitambaa kigumu cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya New England. Wenyeji wakakiita merikani, na jina hilo likaingia katika Kiswahili. Pamba yenyewe ilikuwa imechumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani.

Leo, mji wa Williamsburg, uliokuwa makao makuu ya Virginia, ni makumbusho ambayo ukarabati wake ulianza mwaka wa 1926. Mgeni hukuta mhunzi, mchapishaji na fundi wa mapipa wakifanya kazi kwa zana za kale. Kwa miongo mingi makumbusho hayo yalisimulia zaidi habari za mabwana, ilhali katika karne ya 18 takriban nusu ya wakazi wa mji huo walikuwa weusi. Simulizi za watumwa zilianza kupewa nafasi ya kweli kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Vikombe vya fedha vya Revere vimehifadhiwa vikiwa na muhuri wa jina lake. Pipa, shati na mkate havikuwa na muhuri. Walioviunda, kuvisokota na kuvioka ndio waliowalisha na kuwavisha watu wa makoloni hayo, na wengi wao hawakulipwa chochote.